Mita Mbili

Mita mbili ni urefu wa kitanda chetu.
Shadhili alikipima kwa utepe wa kushonea
siku redio iliposema watu wakae mbalimbali,
kisha akauliza: sasa wewe na baba
mtalala vipi?
Tulicheka. Ilikuwa Machi.
Machi ya kwanza, nasema, maana tumeiona na ya pili.

Leicester ilifungwa, ikafunguliwa kidogo,
ikafungwa tena peke yake,
kama mtoto aliyebakizwa darasani wenzake wakitoka kucheza.
Loughborough wananyolewa nywele,
sisi tunachungulia dirishani, misitu kichwani.

Tuna vyumba viwili juu ya duka la dobi.
Mashine za chini zikizunguka, sakafu hupata joto,
na Mwanakombo hulala kifudifudi, sikio kwenye zulia,
akisikiliza nguo za watu wasiokuja kututembelea.
Alizaliwa Februari. Hesabu mwenyewe.
Hapa kakaa, hapa katambaa,
hatua yake ya kwanza ilitoka kwenye friji
ikaishia magotini kwa baba yake.
Ulimwengu wake nimeupima: hatua kumi na tisa
na kona moja.

Bibi yake yuko Tanga, yumo ndani ya simu.
Mtandao ukikata, Bibi huganda, mdomo wazi,
katikati ya neno mjukuu.
Mtoto naye huganda, macho kodo,
akidhani ndivyo watu wanavyosalimiana.

Wakati wa baridi shule ilikuwa meza ya kulia,
laptopu ya kuazima, na Bi Hargreaves
kwenye kisanduku kimoja kati ya ishirini na saba.
Shadhili aliinua mkono, ule wa nyama na mifupa.
Hakuna aliyeuona.
Aliuinua mpaka ukafa ganzi.
Mimi ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku kwa wazee wa Evington,
viatu ngazini, nguo mfukoni,
maji ya moto hadi ngozi iwe nyekundu,
na mlangoni viganja viwili vidogo:
mama, mama, mama.
Subiri, nasema. Neno langu la mwaka mzima.
Ningelipwa kwa kila subiri ningenunua nyumba yenye bustani.

Alhamisi majirani walipotoka kupiga sufuria
kwa ajili yetu mashujaa,
shujaa alikuwa amelala na soksi moja.
Nimewahi kumfokea mtoto kwa sababu ya kijiko.
Nimewapa biskuti asubuhi, mchana, na tena.
Mbwana nilimkuta kakaa ndani ya bafu lisilo na maji,
kavaa nguo zote na koti,
kwa kuwa ni mlango huo tu wenye komeo.
Nikamwachia dakika zake kumi.
Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu.
Hawakusema atakula nini
zikiwa bado mbichi.

Mlango wa chini, ubavuni mwa dobi, yuko Mama Pankhania,
aliyetoka Kampala mwaka sabini na mbili na sanduku moja.
Kiswahili chake cha jikoni hakijaota mvi:
Mimi naweka chapati kwa mlango. Toto nakula?
Hugonga mara tatu, hushuka ngazi sita, hugeuka,
barakoa ya maua, macho tu.
Mwanakombo humjua kwa macho na kwa kikohozi cha ngazi ya tatu.

Jana alisahau.
Aligonga, akashuka, akageuka
uso mtupu: pua, kidevu,
jino la dhahabu.
Mwanakombo akaganda.
Nikajua sasa atalia.
Akaupeleka mkono mdomoni mwake mwenyewe,
akaupapasa mdomo ule kama mtu aliyeokota kitu njiani,
kisha akamwonyesha yule mama
meno yake manne, yote.

Shadhili kasimama nyuma yangu, utepe shingoni.
Ngazi sita, mama. Nishuke nikapime?
Nikafungua kinywa kusema lile neno.
Chapati zilikuwa zinapoa.